Unakula Fiti, Lakini Moshi wa Ploti Je?

Wasee, hebu tuongee kuhusu haya maisha ya "afya na mazingira" yanayouzwa kwenye fidi zetu. Unayajua. Klipu inaanza alfajiri, mwangaza msafi unaingia dirishani, kuna mkeka wa yoga, kuna mswaki wa mianzi, kuna chupa ya chuma ya maji ambayo bei yake inakaribia rent ya singo ya mabati. Halafu smuthi ya kijani yenye matunda yaliyokuja na ndege. Mwisho msee anatabasamu anakuambia jali mwili wako, jali dunia, na hapo chini ameweka link ya kununua.

Sina noma na yoga. Noma yangu ni kwamba mtu wa Pipeline ama Githurai akiona hiyo klipu anafunga simu akijua mambo mawili: afya ni kitu cha kununua, na mazingira ni ya watu wenye nyasi mbele ya nyumba. Kwa ufupi, hayo si yake. Mimi naona kinyume kabisa. Hakuna mahali afya na mazingira vimebanana kama kwa ploti ya ghorofa saba, ambapo ukifungua dirisha unashika ukuta wa jirani. Hapo ukipika na makaa, mtoto wa mlango wa pili ndiye anakohoa. Jirani akichoma takataka, unazivuta wewe ukiwa umelala, hata kama jioni ulikula saladi.

Kabla mtu aniulize mimi ni nani: si daktari, na kampasi niliacha mwaka wa pili. Kusoma sijaacha. Na Katiba ya 2010 ni bure, iko hapo kwa simu yako. Ibara ya 42 inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Inayofuata, ya 43, inakupa haki ya afya, ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na ya maji safi na salama. Zimekaa jirani, ukurasa mmoja. Ni sisi tumezitenganisha: afya tukaipeleka jimu, mazingira tukayapeleka kwa ile siku ya kupanda miti na kupiga picha.

Tuanze jikoni, kwa sababu huko ndiko doh yako inaenda.

Chakula ambacho ningetetea mbele ya smuthi yoyote ni ndondo. Najua, maharagwe hayana mvuto kwa picha. Lakini angalia: yana protini, nyuzinyuzi, madini ya chuma, yanakaa kwenye mkebe miezi bila friji, na mmea wenyewe una bakteria kwenye mizizi wanaovuta nitrojeni kutoka hewani, kwa hivyo haunyonyi udongo vile mimea mingine inanyonya. Ng'ombe anahitaji ardhi kubwa na malisho mengi, na njiani anatoa gesi ya methani. Sisemi uache nyama. Mutura ya jioni pale stage siwezi kukuambia uache, nitakuwa nadanganya. Nasema ukifanya chapo dondo, ndengu ama githeri iwe chakula cha katikati ya wiki na nyama ikae mahali pake pa zamani, Jumapili, umefanya kazi ya afya na ya mazingira kwa sufuria moja. Na hujanunua chia.

Sasa, shida ya maharagwe ni moto. Makavu, usipoyaloweka, yanaweza kukaa jikoni masaa mawili, matatu. Hapo hesabu yote inaharibika, maana makaa ni mti uliokatwa mahali, na hewa ya jiko hilo inabaki ndani ya chumba chako kimoja ambacho pia ni sebule na ni bedrumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Makaa yanadanganya watu kwa sababu hayana moshi mwingi kama kuni. Yanatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu. Ile baridi ya Julai ndiyo watu wanaingiza jiko ndani, wanafunga madirisha, wanalala. Wengine hawaamki.

Kwa hivyo loweka. Usiku kabla ya kulala, maharagwe ndani ya maji, basi. Asubuhi mwaga hayo maji, weka mengine, na muda wa kupika unapungua sana. (Watu wa magadi, nawaona. Ndiyo, inalainisha haraka, lakini inaua vitamini pia. Kuloweka ni bure.) Ukitaka kwenda mbele zaidi, kuna ile mbinu ya kikapu ambayo vikundi vya akina mama wamekuwa wakifunza miaka mingi na vijana hatujui. Unachemsha maharagwe yako yaliyolowekwa kama nusu saa, chemsha ya ukweli, si ya kubembeleza. Unafunika sufuria vizuri, unaitoa motoni, unaiweka ndani ya kikapu ama katoni iliyojazwa nguo nzee, unafunga na blanketi nzito. Joto halina pa kwenda. Chakula kinaendelea kuiva masaa kadhaa na moto umezimwa, wewe uko kwa hasla yako. Kitu kimoja usicheze nacho: maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili inayoisha tu kwa kuchemka kabisa, kwa hivyo hiyo nusu saa ya mwanzo usiikate, na ukifungua kikapu jioni rudisha motoni yachemke tena kabla ya kula.

Kama huna wakati wala blanketi la kutoa sadaka, kuna yule mama wa kona anayeuza maharagwe na githeri iliyochemshwa, anakupimia kwa kikombe. Huyu mama sijawahi kuona akiwekwa kwa klipu yoyote ya mazingira na inaniuma. Fikiria: sufuria moja kubwa, moto mmoja, watu hamsini wanakula. Wale watu hamsini wangewasha majiko hamsini. Hakuna mfumo wa kupika wenye akili kuliko huo.

Lakini anakuwekea githeri ya moto kwenye mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na faini inaweza kufika milioni 4 ama jela miaka minne. Miaka yote hiyo baadaye, zile jwala nyepesi za kuonekana ndani bado ziko kila kibanda. Plastiki laini na chakula cha moto chenye mafuta havifai kukaa pamoja, kuna kemikali zinahama kutoka kwa plastiki ziingie kwa chakula. Suluhisho lake linaitwa bakuli. Beba bakuli yako, ile ya kifuniko, kama vile tulikuwa tunatumwa maziwa na kibuyu ama mkebe tukiwa watoto. Siku ya kwanza utachekwa kidogo. Baada ya wiki moja mama anakujua kama "yule wa bakuli" na kikombe chako kinaanza kupimwa na mlima juu.

Na tuseme ukweli kuhusu gesi. Watu wanapenda kuambia maskini waache makaa, kana kwamba makaa ni tabia mbaya kama kutafuna kucha. Julai 2021 serikali ilirudisha VAT ya asilimia 16 kwa gesi ya kupikia. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 8. Julai 2023 ndiyo ikaondolewa. Miaka hiyo miwili, kuna nyumba ambapo ile meko ya kilo 6 ilikaa kwa kona ikiwa tupu, imewekewa kitambaa na redio juu, na jiko la makaa likarudi. Hakuna mtu alibadilisha maadili yake hapo. Bei ilibadilika. Kwa hivyo ukisikia mtu bungeni anasoma mswada wa fedha, jua anaweza kuwa anasoma mapafu yako.

Twende kwa mboga. Managu, terere, saga, kunde, mrenda, mboga ya malenge. Fungu la terere ni bei ya chini kuliko smokie mbili, na lina madini ya chuma na vitamini A ya kutosha kuaibisha vidonge vya supamaketi. Zinastahimili jua kuliko mboga nyingi za kigeni, nyingine zinamea zenyewe, na hazihitaji dawa nyingi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT ametumia miaka na miaka kuzitafiti, kuanzia enzi ambazo wataalamu wenyewe walikuwa wanaziita magugu. Mwaka 2021 UNESCO ikaiweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya kienyeji kwenye orodha yake ya mifano bora. Sasa hoteli kubwa zinakuuzia managu kwenye sahani nyeusi na jina refu. Shosho yako yuko kimya tu.

Hapa ndipo watu wa "kula kienyeji" huwa wanaharakisha kumaliza stori, na hapa ndipo mimi nataka tukae kidogo. Hiyo managu imemea wapi?

Kuna mashamba kandokando ya mto Nairobi na vijito vyake yanayomwagiliwa maji taka, maji yaliyopitia viwandani, kwa gereji na kwa vyoo. Sukuma inayotoka huko ni ya kijani sana, inavutia, majani mapana. Risasi haina rangi kwenye jani. Huwezi kuiosha, maana iko ndani ya mmea. Na mama mboga hajui, alinunua gunia sokoni alfajiri. Basi yule msee aliyekula vizuri, akakataa chipo, akachukua mboga na ugali wa wimbi, amekula mto. Mtu anaweza kuwa na nidhamu ya mwanariadha na bado mwili wake ukapokea kile mtaa ulimwaga huko juu. Hii ndiyo sababu siwezi kukubali kuambiwa kwamba afya ni uamuzi wako binafsi na ratiba yako ya asubuhi.

Kwa hivyo uliza. Mama mboga wako anajua zaidi ya unavyofikiri: hii imetoka Kinangop, hii Kitengela, hii sijui. Ukimuuliza wewe na wateja wengine kumi, na yeye ataanza kumuuliza aliyemuuzia. Na kama ploti yenu ina hata kamsitari ka jua pale juu ya dari, kuna kilimo cha gunia, kile watu wa Kibera wamefanya miaka mingi: gunia, udongo, mrija wa kokoto katikati ili maji yafike chini, unatoboa pembeni unapanda terere na kunde kila upande. Maganda ya viazi na ndizi yakishaoza yanarudi humo. Haitakulisha mwezi mzima, usidanganyike. Lakini hiyo mboga unajua ilikunywa maji gani.

Kutembea nitapita haraka, kwa sababu hasira zitanipanda. Kila mtu anasema tembea, ni mazoezi, ni hewa safi, unapunguza moshi wa magari. Watu wa Nairobi tayari wanatembea! Angalia Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi, ama wale wanaotoka Kibera kwenda Industrial Area kwa mguu. Hawafanyi hivyo kwa sababu ya saa ya kuhesabu hatua. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya kusema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa wanaotembea na wa baiskeli. Nionyeshe. Njia ya miguu ikipatikana, ina boda, ina gari limepaki, ina mtaro ulio wazi, na wewe unavuta dizeli ya mathree nzee kimo cha pua. Tukijengewa ile barabara ya juu ya kulipia, mti mmoja tu wa mkuyu pale Waiyaki Way ndio ulikuwa maarufu, kwa sababu Novemba 2020 watu walipiga kelele hadi rais akatoa amri uachwe. Kelele ilifanya kazi. Mingine mingi ilienda. Na kivuli cha miti barabarani ni afya ya anayetembea, mwenye gari ana AC.

Sasa moshi wa ploti.

Mitaa mingi kuna siku ya kuchoma. Kwetu ni Jumatano na Jumapili jioni, nyuma ya ukuta. Wale wa kuzoa takataka wamekosa kuja wiki mbili, keateka amechoka na harufu, anawasha. Ndani kuna chupa za soda, nepi, jwala, viatu, waya za chaja. Moshi wa plastiki si moshi wa kuni, una sumu kama dioksini ambazo zikiingia mwilini zinakaa. Watoto ndio wako karibu zaidi, kwa sababu kwao moto ni mchezo. Halafu kuna mtu ghorofa ya nne anafanya mazoezi ya kuvuta pumzi na simu yake imewashwa kwa yoga.

Na zile takataka zikibebwa, haziendi mbinguni. Zinaenda Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na bado linapokea. Mwaka 2007 UNEP, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Gigiri, walitoa ripoti ya vipimo vya watoto na vijana 328 wanaoishi karibu na hilo jaa. Karibu nusu walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Soma tena hiyo sentensi ukikumbuka hao watoto wa 2007 leo ni rika letu. Wengine wanasoma hii.

Mtu akisema jibu ni kuresaiko, nakubali, ila na masharti. Owino Uhuru kule Mombasa kulikuwa na kiwanda cha kuresaiko betri nzee za magari. Kwa karatasi, hiyo ni kazi ya mazingira, si ndiyo? Phyllis Omido alifanya kazi pale, mtoto wake akaugua, vipimo vikaonyesha risasi. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele na majirani. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapata tuzo ya Goldman 2015, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikazungushwa kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilisimama na wakazi. Miaka hiyo yote mwili wa mtoto unaendelea kukua na kile ulichopewa.

Najua kuna msee anasema: basi bakuli yangu na blanketi langu ni kazi bure, wachafuzi wakubwa ni wengine. Na hiyo hasira naielewa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kutuwekea "ushuru wa mazingira" kwa vitu kama simu na nepi, kana kwamba mama wa mtoto mchanga ndiye ameharibu sayari. Tunajua Juni ile iliishia wapi na nani hawakurudi nyumbani. Tangu wakati huo neno "mazingira" kwa midomo ya serikali limekuwa na harufu ya mfuko wetu. Sawa. Lakini bakuli sikubebi kwa ajili ya serikali. Nabeba kwa sababu githeri naila mimi. Makaa napunguza kwa sababu kifua ni changu na cha yule mtoto wa mlango wa pili. Tusiwaache wao wamiliki hilo neno.

Na kuna mambo mkono wa mtu mmoja haufiki, ila wa ploti nzima unafika. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema takataka zitenganishwe, za kuoza kando na zisizooza kando. Hakuna polisi atakuja kwenu kuangalia ndoo. Lakini za kuoza ndizo zinanuka, na harufu ndiyo inamfanya keateka awashe kiberiti. Ukitoa maganda na mabaki yakaenda kwa magunia ya mboga, ama kwa yule mzee wa nguruwe anayepita na mkokoteni, zinazobaki zinaweza kungoja wiki mbili bila kuchomwa. Chupa za plastiki kuna wasee wa kuokota wanazitaka, waulize watapita siku gani.

Sisi tulianza na nyumba nne kati ya 38. Keateka alikubali kwa sharti kwamba ndoo ya maganda isikae kwa ngazi, na mama wa ghorofa ya kwanza bado anatugombeza kuhusu nzi, na ana haki, kwa hivyo tunatafuta kifuniko kizito. Jumatano iliyopita moto haukuwashwa. Jumapili uliwashwa.

Ploti yenu wanachoma siku gani? Na kuna mtu amewahi kuongea na landilodi kuhusu hiyo pesa ya takataka mnayolipa kila mwezi, inaenda kwa nani hasa? Mwenye anajua jinsi ya kuuliza bila kupewa notisi ya kuhama, aandike, maana mimi hapo ndipo nimefika.